Kutoka 58 hadi 81

Umeme umekatika tangu saa mbili, upepo wa Dodoma unapiga mabati, nami nimejikunja kitandani na simu nikizungukazunguka kwenye majani ya Mlima Silver natafuta levo. Gemu ni Pokémon Gold, ya 1999, ya kukamata viumbe waitwao Pokémon na kuwapiganisha. Beji, unayopewa kila ukimpiga kiongozi wa ukumbi wa mapambano, zote 16 ninazo. Kiongozi wa mwisho, Blue, Pokémon wake wakubwa wako levo 58, na nilimpiga. Basi nikapanda mlima kifua mbele. Kule juu kasimama Red, mpinzani wa mwisho kabisa, kimya, hasemi neno, anatoa Pikachu wa levo 81. Wangu walikuwa hamsini na kitu. Nilichezea kichapo hadi nikacheka peke yangu.

Ugumu sina shida nao. Kinachonikera ni njaa: kutoka 58 kufika 81 unakula nini? Wanyama wa porini wana levo za chini, pointi za kupandia levo unazopata ukiwapiga ni kama mvua zetu za huku, manyunyu tu.

Nadhani ugonjwa ulianzia mbali. Ukishapata beji ya nne unaachiwa uchague njia, kwa hiyo viongozi watatu wanaofuata ilibidi walingane. Chuck anaishia 30, Jasmine 35, halafu Pryce, anayehesabiwa wa saba, 31! Uhuru wa mchezaji umelipiwa kwa kuubapaza mlima.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja likizo na Pokémon Scarlet, ya 2022. Humo unakwenda utakako, ila viongozi levo zao ziko palepale. Akajipeleka moja kwa moja kwenye theluji kwa Grusha, mwenye levo 48, yeye ana ishirini na kidogo.

"Anko, hii gemu ina roho mbaya."

Alipomrudia Katy, wa levo 15, kila pambano lilikuwa pigo moja. Hakufurahi hata kidogo. Akaniuliza kwa nini wasikue pamoja naye.

Sikumjibu vizuri siku ile. Leo ningemwambia: viongozi wahesabu beji zako na wabadilishe kikosi, sawa. Ila wa porini waachwe walivyo. Nataka siku moja nirudi kwenye majani ya mwanzo, nimkute yule panya aliyenitesa, naye akione.

Chaji imebaki asilimia 9. Typhlosion, Pokémon wangu, yuko levo 63.