Usiku mwezi ulipopatwa tukabishana barazani Kibokoni

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 27 Julai 2018, na Mombasa nzima habari ilikuwa moja, leo usiku mwezi utapatwa na utafunikwa wote kwa saa 1 na dakika 43, karne hii yote hakuna mwingine utakaofika muda huo. Kila simu ilikuwa na ratiba: saa 3:24 waanza kumegwa, saa 4:30 umefunikwa wote, saa 6:13 waanza kuachiliwa.

Sisi baada ya isha tulikuwa barazani Kibokoni twanywa kahawa, na binamu yangu, alikuwa asomea fizikia yunivasiti, akamuuliza maalim swali ambalo hata mimi lilikuwa lanikereketa siku nyingi ila sikuthubutu kulitoa. Akasema, maalim usinifahamu vibaya, lakini ikiwa mpaka dakika ya kumalizika twaijua, hii swala ya kupatwa twaswali ya nini? Tuswali tusiswali, mwezi si utarudi tu?

Watu wakaguna. Mzee mmoja akamwambia we kijana masomo yako haya yatakutoa kwenye dini. Maalim akamuashiria anyamaze, alafu akauliza, ile ratiba ya swala ilobandikwa pale msikitini imepatikana vipi? Binamu akasema ni hesabu za jua. "Haya, magharibi ya leo dakika yake tulikuwa twaijua tangu mwaka jana, mbona hukuniuliza twaiswali ya nini? Mwanangu, hatuswali ili mwezi urudi. Twaswali kwa kuwa tumeiona kazi ya Mola wetu."

Wallahi mpaka leo sijapata jawabu lililonitosha kama hilo.

Na hakuishia hapo, akatukumbusha siku alipofariki Ibrahim, mtoto wake Mtume, jua likapatwa siku hiohio na watu wa Madina wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Sasa hebu fikiria, mtu yuko kwenye msiba wa mwanawe, watu wenyewe washaamini mbingu nzima yamlilia, angenyamaza tu na nani angempinga? Lakini Mtume (SAW) akawaambia jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake. Wale wanaosema dini yakaa kwenye giza la watu kutojua, mimi huwaambia wakisome kisa hiki kwanza. (Nyumbani usiku huohuo bibi alishamkataza dada yangu, alikuwa mjamzito, asitoke nje wala asishike mkasi, ati mtoto atazaliwa mdomo umepasuka. Bibi ndivyo alivyolelewa, lakini hayo si dini.)

Mwezi ulipoanza kuliwa ikanadiwa assalatu jaamia, ule mwito wa kuwakusanya watu kwa swala hii, tukaingia. Rakaa mbili, kila rakaa rukuu mbili, na visomo virefu mpaka miguu ikawaka. Tulipotoka mwezi umekuwa mwekundu kama shaba na pembeni yake sayari ya Mars nayo nyekundu yang'aa, maana Julai hiyo ilikuwa imesogea karibu sana na dunia.

Maalim akamwita binamu, njoo uwaeleze hawa watoto kwa nini uko hivi. Akawaeleza kwamba dunia imekaa katikati imeuzibia mwezi jua, na ule mwanga kidogo unaofika umepinda kwa kupita kwenye hewa yetu, rangi ya buluu ikatawanyika njiani ikabaki nyekundu, sawa na jua linapokuchwa. Mtoto mmoja akauliza sasa mbona haupatwi kila mwezi mpevu? Swali la maana sana lile. Akamwambia njia ya mwezi imeinama kama digrii 5, mara nyingi wapita juu ya kivuli au chini yake.

Mi baadae nikaja kusoma kwamba mwaka 997 wataalamu wawili wa nyota, al-Biruni akiwa Khwarezm huko Asia ya Kati na Abu al-Wafa akiwa Baghdad, walipima saa za kupatwa kulekule kwa mwezi, wakatumia tofauti ya saa zao kujua miji yao imeachana kiasi gani mashariki na magharibi. Waislamu hao, na hesabu zao, wala hawakuona shida.

Maalim akamwambia binamu kesho asubuhi aje madrasa aeleze tena. Akaenda na tochi, chungwa na ndimu, na watoto wakagombania nani ashike tochi awe jua.