Koma ya mwisho: vitu vitatu au vinne?

Chukua stringi hii (yaani kipande cha maandishi), "Tanga,Lindi,Mtwara," yenye koma mkiani, halafu ikate kwa split, amri ya kukata maandishi kila penye koma, na uhesabu vipande. Lugha ya programu ya Python inakwambia vitu vinne, cha nne ni stringi tupu. JavaScript vinne, Go vinne. Ukienda Java unapewa vitatu, Ruby na Perl vitatu pia. Na wote wako sawa, ndo kinachokera.

Ishu ni kwamba koma ina kazi mbili. Kuna koma ya kutenganisha, inakaa kati ya kitu na kitu, kwa hiyo koma tatu lazima vitu vinne hata kama kimoja ni hewa. Na kuna koma ya kufunga, kila kitu kinaisha na ya kwake, koma tatu vitu vitatu, basi. Ukiitazama stringi peke yake huwezi kujua aliyeiandika alitaka ipi.

Kwenye mistari ya faili, watu wa Unix (mfumo endeshi wa kompyuta) walishaamua kitambo: mstari ni lazima ufungwe na alama ya mstari mpya. Ndo maana wc -l, amri ya kuhesabu mistari, kiukweli inahesabu hizo alama tu, faili la mistari mitatu lisilo na enta (hiyo alama) mwishoni linakupa 2 na unabaki unajiuliza mmoja kaenda wapi. Python wao wameweka zote mbili, splitlines() inaichukulia enta ya mwisho kama kifungo, split("\n") inakuongezea stringi tupu.

Inayonichosha ni Java, kwa sababu inafuta tupu ZOTE za mkiani ila za mwanzo na za katikati inaziacha. Sasa fikiria CSV ya wateja (faili la jedwali, safu zinatenganishwa kwa koma), safu ya mwisho ni barua pepe, mteja hana, ukikata ule mstari unarudi na safu pungufu, programu ikigusa ya mwisho inalipuka na ArrayIndexOutOfBoundsException, kosa la kugusa nafasi isiyokuwepo, na kwenye majaribio hukuiona maana data ya majaribio siku zote imejazwa vizuri. Dawa ni split(",", -1), hiyo haifuti tupu za mkiani. Hasi moja! Nani angebahatisha hiyo bila kusoma maelezo? Afu kuna hii: Java hiyohiyo ukikata stringi tupu kwa koma unapata kitu 1, ukikata "," yenyewe unapata 0. Yaani maandishi yameongezeka, vitu vimepungua.

Wengi wanachuja tu stringi tupu zote wanasonga mbele. Kwa orodha ya majina sawa, ila kwa safu za jedwali umeharibu, tupu ya katikati ikitoka kila kitu kinasogea kushoto na namba ya simu inakaa kwenye safu ya mji.

Rust nawapa heko, split inatoa vinne, split_terminator inatoa vitatu, na hiyo ya pili inaacha tupu moja tu ya mwisho, nyingine haizigusi.