Karafuu moja na njia zake tatu za kuufikia ubongo

Msimu wa karafuu unapofika hapa Pemba na majamvi yakatandikwa kila uwanja, mgeni huisikia harufu tangu anapokaribia kijiji, ilhali sisi wenyeji hatuisikii tena, kwa sababu ubongo huacha kuijali harufu isiyobadilika ili ubaki tayari kupokea ngeni.

Harufu hiyo hasa ni ya yujenoli, kemikali iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Juu kabisa ndani ya pua mna mamilioni ya seli za kunusia, na kila seli ina aina moja ya vipokezi. Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, waliozieleza jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana takriban aina 400 tu, lakini hutambua harufu nyingi zaidi ya idadi hiyo, kwani harufu moja huamsha vipokezi kadhaa kwa pamoja, na ubongo huutambua mchanganyiko huo. Habari za macho na masikio hupitia kwanza kituo kilicho katikati ya ubongo. Za pua hufika moja kwa moja penye hisia, jirani na penye kumbukumbu. Ndiyo maana kanga iliyofukizwa udi humrejesha marehemu bibi mbele yetu kabla hata hatujamtaja.

Ulimi nao hutambua machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ladha ya supu ya nyama ambayo Kikunae Ikeda wa Japani aliiita umami mwaka 1908. Kwa karafuu, ulimi hupata uchungu zaidi ya kitu kingine. Kilichobaki, ambacho sote tunakiita ladha ya karafuu, ni harufu inayopanda puani kwa nyuma ya kaakaa tunapotafuna. Bana pua ule pilau, kisha iachie. Hapo ndipo hiliki na mdalasini zitakapojitokeza.

Njia ya tatu ni mshipa wa fahamu wa uso, unaopeleka maumivu, baridi na ukali wa pilipili. Karafuu huuchoma kidogo, kisha huutia ganzi, na wazee wetu wanaoibana karafuu kwenye jino linalouma wanaitumia njia hiyo.

Habari hizi zote hukutana katika gamba la ubongo lililo juu ya macho. Mtu aliyepoteza uwezo wa kunusa, kwa uzee, mafua makali au korona, hulalamika kuwa chakula hakina ladha, na naumia kila ninaposikia akiambiwa kwamba anadeka au mpishi akilaumiwa, maana ulimi wake ni mzima na kilichokatika ni habari za pua.

Seli za kunusia hujizalisha upya, na mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Ujerumani walieleza zoezi la kunusa waridi, limau, mkaratusi na karafuu mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Haliwaponyi wote, lakini limewasaidia wengi, na vitu hivyo havituwii vigumu kuvipata Pemba. Muda wote huo, mtu mwingine nyumbani amnusie samaki kabla hajapikwa, na amwangalizie jiko la gesi.