Vifuko Vitatu

Msimu wa korosho wa 2018, Mikindani nzima, huku Mtwara, ilikuwa inahesabu. Novemba ile Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba, basi wazee barazani hawakuwa na habari nyingine: kilo ngapi ziko ghalani, hela inatoka lini. Mimi nilikuwa nahesabu kalori.

Nilikuwa na kilo 88 na kitambi kinachotangulia kupita mlangoni. Nilitaka kiondoke, ila kifua kisiende nacho. Jioni nilinyanyua vyuma uani kwa rafiki yangu (vyuma kwa jina, yalikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege), na kila nilichokula nilikiandika daftarini. Kalori 2,000 kwa siku, protini gramu 140. Programu ya simu niliiacha siku ya tatu; ilijua mikate ya kila namna lakini ugali wa muhogo haikuujua. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni, nikawa napima unga ungali mkavu, maana ugali ukishasongwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na maji hayana kalori. Pweza wa soko la samaki la Feri nilimpenda kwa hesabu hizo hizo: gramu 100 za pweza mbichi zina protini kama gramu 15, mafuta karibu hakuna. Shida ilikuwa tui. Mama mkubwa alitia nazi kila chungu, na kumwambia apunguze ni kumwambia hajui kupika.

Kwa daftari langu, nilipaswa kupungua kama nusu kilo kwa wiki. Wiki ya tano nikapanda mizani ya duka la dawa. 88. Nikaanza kumshuku pweza.

Jumamosi moja mama mkubwa alipata oda ya korosho, vifuko arobaini vya gramu 50. Mchana alizikaanga kwenye debe lililotobolewa, moshi wake ule unaowasha macho hadi kwa jirani, kisha tukabangua mikono imepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasituunguze. Baada ya kuzimenya akaazima mizani yangu, akapima: kilo mbili kamili. Tukakaa mkekani kufunga, yeye anapima, mimi nafunga mdomo wa kifuko kwa mshumaa. Korosho iliyobanguliwa muda huo huo, bado ina joto na harufu ya moshi, asikudanganye mtu kwamba inafanana na ile ya dukani.

Beseni likaisha. Akahesabu vifuko. Thelathini na saba.

Akahesabu tena, safari hii kwa sauti. Akainua mkeka, akatazama chini yake. Halafu akanitazama mimi.

"Mwanangu, vitatu viko wapi?"

"Mama mkubwa, nilikuwa naonja tu."

"Unaonja tangu Oktoba."

Gramu 150. Nilipiga hesabu pale pale, sikuhitaji kalamu: korosho ni karibu nusu mafuta, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya protini au wanga ina 4. Nilikuwa nimekula kalori kama 850 nikiwa nimekaa tu, zaidi ya ugali wangu wa mchana pamoja na pweza wake. Na sikuwa nimekaa pale siku moja. Kila jioni nikitoka kwenye makopo ya zege nilipitia hapo mkekani, nachota, natafuna, nasikiliza habari za ghala. Daftarini hakukuwa na korosho hata moja. Nilipima unga mpaka gramu ya mwisho, na korosho sikuwahi kuihesabu kuwa chakula.

Nikamweleza yote hayo, na namba zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaliomba daftari. Akalifungua ukurasa wa siku ile, na chini ya mstari wa pweza akaandika kwa herufi kubwa: KOROSHO VIFUKO 3. Upande wa kalori akaweka 3,000.

"Hizo si kalori, mama mkubwa."

"Najua," akasema. "Ni shilingi. Unalipa kesho."