Siku yangu kwenye karakana ya ngoma: ngozi, vigingi na kinanda cha zamani

Saa 11 alfajiri. Nikimaliza kuswali nakwenda moja kwa moja kwenye pipa. Ngozi nne za ng'ombe zimelala kwenye maji ya majivu tangu juzi. Nang'oa manyoya kwa vidole. Yakitoka bila kubisha, ngozi iko tayari. Tatu zimekubali, ya nne nairudisha.

Saa 1 wanaingia mdogo wangu, binamu wawili na kijana anayejifunza. Tangu Baba afariki, mimi ndiye ninayegawa kazi hapa Bagamoyo.

Saa 3 tunawamba msondo, ile ngoma ndefu. Wawili wanavuta ngozi, wa tatu anapigilia vigingi, hakuna anayezungumza. Upande mmoja ukizidi kuvutwa, ngoma hulia sauti mbili. Baba alikuwa akizunguka ukingo mzima akigonga kwa kidole. Akisikia kasoro, vigingi vyote tunang'oa. Nami nafanya vilevile. Leo tumeving'oa mara moja tu.

Saa 5 anakuja mteja, anataka chapuo sita, ngoma ndogo, za harusi ya keshokutwa. Tulizowamba jana bado mbichi. Mdogo wangu ananivuta pembeni: "Dada, tuchukue. Ada ya watoto hiyo." Najua, na inaniuma. Lakini ngoma ikipigwa kabla ngozi haijakauka hulegea, na jina litakaloharibika ni la Baba. Nimemkodisha mteja chapuo zetu za zamani. Mdogo wangu kanuna.

Saa 8 nakaa kwenye kinanda (piano) kilicholetwa kutoka Dar. Vibonye 52 vyeupe, 36 vyeusi. Vyeupe vimefunikwa pembe ya ndovu, na vitano vimebanduka. Biashara ya pembe kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, kwa hiyo nachonga mfupa wa ng'ombe. Kijana ananiuliza pembe ilitoka wapi. Namwambia kuhusu wapagazi waliozishusha hapa pwani mabegani, zikavushwa Unguja, nyingine zikafika Connecticut, Marekani, kwenye mji ulioitwa Ivoryton, zikachanwa kuwa vibonye. Mpingo wetu nao hadi leo unaondoka kwenda kuwa klarineti Ulaya. Nataka huyu kijana ajue kutengeneza ala, siyo kupakia tu malighafi.

Saa 11 jioni tunawasha makuti, tunapasha moto msondo uliokauka wiki iliyopita. Mdogo wangu anaushika bila kuambiwa, anapiga. Sauti moja, nzito, hadi barabarani.

"Dada, ile ngozi ya nne?"

"Alfajiri tutaitazama."