Ugomvi wa dagaa

Leo nimeamulia ugomvi wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, nikiwa zangu nyumbani Nyegezi, na bando limekata katikati.

Kwa wasiojua, nalipwa kusimamia magrupu ya WhatsApp ya wauza dagaa na wateja wao wa mikoani. Grupu moja linabeba mpaka watu 1024, sasa we fikiria hao wakichafukwa kwa pamoja.

Asubuhi mteja karusha picha, aliambiwa dagaa wa chanja (wale wanaoanikwa juu ya vichanja, sio chini mchangani), mzigo umefika umejaa mchanga. Matusi yakaanza. Nikafunga grupu waandike maadmini tu, nikafuta yale makali, halafu nikamfuata kila mtu inboksi maana mbele za watu hakuna anayekubali kushuka.

Kwa muuzaji sasa.
"Anaandika..." inatokea, inapotea, inatokea tena. Vidole vinaniwasha nimjazie maneno, nikajizuia.
Hapo ndo kazi ilipo jamani, na kwenye intavyuu waliniuliza tu kama najua kutengeneza posta 😂

Mwishowe: "Mwambie gunia linalofuata nampunguzia."
Nikafungua grupu.

Mjomba anasema mi nashika simu tu.

Maadmini wenzangu, muuzaji akigoma kabisa mnamtoa au mnambembeleza?