Mtoto wa Baruti

"Ami, Lagos gani tena? Lagos ni Nigeria!" Ndivyo alivyoniuliza Rukia, binti wa kaka yangu, anayesoma Lisbon, nilipomwambia nataka anipeleke. Nikamwambia hiyo ya Nigeria Wareno ndio walioipa jina, lakini wao wenyewe wanayo Lagos yao, mji mdogo wa pwani kusini mwa nchi, saa nne hivi kwa basi. Akacheka, akasema sawa, ila nauli ni juu ya ami.

Nilikuwa na sababu yangu. Mimi nimekulia chini ya Fort Jesus, na tangu utotoni neno "manowari" lilikuwa likinichezea masikioni. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba tumelitoa kwa mabaharia wa Kiingereza, waliokuwa wakiita meli zao za vita "man-of-war", wao kwa kizungu chao na sisi kwa ulimi wetu. Na katika manowari zote nilizowahi kuzisoma, moja ndiyo iliyonikaa moyoni: Namur ya Waingereza, yenye mizinga 90, iliyopigana nje ya Lagos hii mwezi Agosti 1759. Ndani yake kulikuwa na kijana wa Kiafrika wa miaka kama 14, kwa hesabu yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kukimbia na baruti kuipeleka kwenye mzinga.

Tulifika usiku, tukalala. Asubuhi tukaenda kwenye uwanja wenye sanamu ya Infante Henrique, yule mwanamfalme aliyetuma merikebu kushuka pwani ya Afrika Magharibi. Pembeni yake kuna jengo dogo lenye matao, wanaloliita Soko la Watumwa, ambalo sasa ni makumbusho. Jengo lenyewe ni la baadaye, lakini mji ndio wenyewe: hapa Lagos, mwaka 1444, waliteremshwa mateka 235 kutoka Afrika, wakagawanywa mbele ya watu kama mzigo wa samaki. Mwaka 2009, watu walipokuwa wakichimba mahali pa kuegesha magari nje ya ukuta wa mji, waliibuka na mifupa ya Waafrika zaidi ya 150, waliotupwa kwenye jaa la zamani. Rukia alitoka nje kabla yangu. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, amejifunika ushungi vizuri ingawa jua lilikuwa kali, na hakusema kitu mpaka tulipopanda basi la Salema.

Salema ni kijiji cha wavuvi kilichogeuzwa cha watalii. Kutoka hapo hadi ghuba ya Boca do Rio hakuna usafiri, au kama upo sisi hatukuuona, tukatembea kwa njia ya juu ya majabali. Nilihema kama punda wa Lamu aliyebebeshwa mawe. Rukia alikuwa mbele, ananisubiri kila kona, ananiuliza, "Ami, nikupe maji?" kwa sauti ile ya kumuuliza mgonjwa.

Huko juu ndiko nilikomsimulia vita vyenyewe, kwa sababu kutoka pale bahari yote iko wazi na mkono unaweza kuonyesha.

Ufaransa ilikuwa inapanga kuivamia Uingereza mwaka ule. Manowari zake zilikuwa zimegawanyika, nyingine Brest kwenye Atlantiki, nyingine Toulon ndani ya Mediterania, na mpango ulitaka zikutane. Kamanda wa Toulon, La Clue, aling'oa nanga mwanzoni mwa Agosti akiwa na manowari kubwa 12 na ndogo tatu. Ilimlazimu apite mlango wa Gibraltar, na pale Gibraltar alikuwako Boscawen, amiri wa Kiingereza, anatengeneza meli na kujaza maji. Jioni ya tarehe 17 Wafaransa walipoonekana wanapita, matanga mengi ya Waingereza yalikuwa yameshushwa, na Boscawen mwenyewe yuko nchi kavu kwa Wahispania, amealikwa chakula. Mtu yeyote aliyewahi kuona jahazi likifungwa tanga upya anajua hiyo ni kazi ya siku. Wao ndani ya saa chache walikuwa baharini, usiku, wengine wakikata kamba za nanga badala ya kuzivuta.

La Clue naye alifanya kosa ambalo nahodha wa ngalawa asingelifanya. Usiku ule aliizima taa ya tezi, ile ya nyuma ya meli, asionekane, akageuza kuelekea magharibi. Walio nyuma yake hawakumwona, wakashika agizo la awali la kwenda Cádiz. Kulipopambazuka alikuwa na manowari saba tu. Akaona matanga yanakuja nyuma, akafurahi, akidhani ni wenzake. Matanga yakazidi. Alipoyahesabu vizuri, alikuwa na maadui.

"Kwa hiyo alizima taa ili adui asimwone, akaonwa na adui peke yake," Rukia alisema. Sikuwa na la kuongeza.

Mchana wa tarehe 18 Waingereza walimfikia. Manowari ya mwisho katika safu ya Wafaransa, Centaure, iligeuka ngao ya wenzake. Ilipigwa na meli kama tano, ikapigana kwa saa nyingi hadi ilipovunjika kabisa ndipo ikateremsha bendera kusalimu amri. Namur ilimkimbilia La Clue mwenyewe, aliyekuwa kwenye Océan ya mizinga 80. Zikapigana kwa karibu mpaka mlingoti wa nyuma wa Namur ukaanguka na foromali zake za juu, ile miti inayoshika matanga, zikakatika. Boscawen ikabidi ashuke kwenye mashua, apigwe makasia kwenda manowari nyingine, Newark, apandishe bendera yake huko. Vitabu vingi vya vita vinapenda sana kisa hicho cha amiri ndani ya mashua.

Mimi mawazo yangu yalikuwa yamebaki Namur, sitaha ya kati, mzinga wa nyuma kabisa. Hapo ndipo alipopangiwa Olaudah Equiano pamoja na mtoto mwingine. Alikuwa ameandika kwamba alizaliwa nchi ya Waigbo, akaibwa mdogo, akanunuliwa na afisa wa jeshi la maji aitwaye Pascal, aliyempa jina la mfalme wa Uswidi, Gustavus Vassa. Katika simulizi ya maisha yake, iliyochapwa 1789, anaeleza kwamba walilazimika kukimbia karibu urefu wote wa meli kwenda kuchukua baruti na kurudi, huku watoto wenzake wakikatwa vipande na risasi za mizinga. Mifuko mingine ya baruti ilikuwa imeoza chini, baruti inamwagika sitahani, na pipa la utambi wa moto lipo pale pale. Anakiri kwamba mwanzoni alijaribu kuchagua wakati wa kukimbia, ule ambao Wafaransa wametoka kupiga. Kisha akaona ni upuuzi, siku ya mtu ni moja, akakimbia tu. Bwana wake alijeruhiwa vita vile. Yeye hakuguswa.

Usiku meli mbili za Wafaransa zikatoroka. Nne zilizobaki zikakimbilia pwani hii ya Ureno, nchi isiyokuwa upande wowote, zikitumaini kuheshimiwa. Océan ikapandishwa mwambani hapa kwa makusudi, tanga zote wazi, na La Clue akapelekwa nchi kavu amejeruhiwa miguu. Ngome za Wareno zilipiga mizinga kuwaonya Waingereza. Haikusaidia. Océan na Redoutable zikachomwa moto, Téméraire na Modeste zikachukuliwa mateka. Baadaye London ilimtuma balozi Lisbon kuomba radhi, lakini meli hazikurudishwa. Equiano aliiona manowari moja ikilipuka, na anasema usiku wa manane uligeuka mchana.

Tulipita magofu ya Warumi pale Boca do Rio, walikokuwa wakitia samaki chumvi, tukapanda hadi ngome ya Almádena, ya 1632, iliyojengwa kulinda wavuvi wa jodari. Sasa ni kuta na magugu. Nikakaa kwenye jiwe. Rukia akaniuliza yule mtoto baada ya hapo alipewa nini.

Nikamwambia. Aliamini kwamba ameshapata uhuru wake: alikuwa amebatizwa, amepigana, mabaharia wenzake walimwona mwenzao. Mwishoni mwa 1762 Pascal akamuuza mtoni Thames, ghafla, kwa nahodha aendaye Karibi. Alijinunua mwenyewe mwaka 1766, kwa pauni 40 alizozikusanya kwa biashara ndogondogo.

"Pascal yeye alipandishwa cheo?"

"Baada ya vita hivi hivi. Akapewa meli yake."

Tuliteremka Salema jua likiwa limeshalala. Ufuoni kulikuwa na wapiga mbizi wawili wanavua nguo zao za mpira. Masalia ya Océan yako karibu na nchi kavu, maji si marefu, na imetengenezwa njia ya kuyatembelea. Rukia akawauliza kwa Kireno wameona nini. Mmoja akafungua mikono kuonyesha ukubwa wa nanga. Mwingine akacheka, akasema mzinga mmoja una mwenyewe, pweza, na hakutaka kutoka.

Kwenye mkahawa Rukia akaagiza pweza. Mimi nikala dagaa.